Kutengeneza Vyumba Vikuukuu kwa Fedha Chache

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tulipoagizwa na Halmashauri kusema machache katika mkutano huu, tulidhani kwamba twatakiwa kusoma hesabu za mwaka, maana hiyo ndiyo kazi tuliyoizoea. Kumbe Halmashauri ilitaka tueleze habari za vyumba viwili vya nyumba ya mama yetu pale Majengo, Mombasa, ambavyo baadhi yenu mmevipita njiani mkauliza ni nani aliyevitengeneza na kwa fedha zipi. Tumelipokea agizo hilo kwa moyo mweupe, lakini twaomba radhi mapema. Sisi si waashi wala si maseremala. Sisi ni watu wa kalamu na daftari. Tutakayoyasema ni yale tuliyoyaona kwa macho yetu, tuliyoyalipia kwa fedha zetu, na mengine tuliyoyakosea. Na mwisho wa maneno yetu liko jambo moja lihusulo Chama hiki, ambalo limetulemea kifuani mwaka mzima, nasi hatukuona kuwa ni haki kuketi kimya nalo.

Nyumba yenyewe ni ya namna ile ambayo wengi wenu mmezaliwa ndani yake. Iko baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na nyuma ua wenye jiko na choo. Kuta zake ni miti iliyosimamishwa na kufungwa fito, katikati zikajazwa vipande vya mawe ya matumbawe na udongo mwekundu, kisha zikapakwa chokaa. Marehemu baba yetu aliijenga kidogo kidogo, kwanza kwa makuti, baadaye kwa mabati. Alipotutoka, alituachia nyumba hiyo na maneno machache: kwamba tusiiuze maadam mama yetu yu hai.

Vyumba viwili vya nyuma ndivyo vilivyokuwa vimechakaa kupita vyote. Katika kimoja akilala mama yetu. Cha pili tulikuwa tukikipangisha, hata mpangaji akahama katika masika ya mwaka 2022, akituambia kwa adabu kwamba hawezi kulipa kodi ya chumba ambacho humlazimu kutandaza mabeseni manne kila mvua inyeshapo. Mama yetu yeye hakuhama, wala hakulalamika. Kila mvua ilipobadili upande, alikisogeza kitanda chake. Tulipomwuliza, alijibu, "Wanangu, msiwe na wasiwasi. Mimi nimekwisha kujua mahali pakavu ni wapi." Tulimshukuru kwa uvumilivu wake, tukaenda zetu kazini. Leo twaona haya kuyataja maneno hayo, maana tuliyasikia mara nyingi, na kila mara tuliyafurahia kwa kuwa yalitupunguzia gharama.

Hatimaye tuliona aibu, tukaanza kazi. Lakini tulianza vibaya, na ni heri tuanze kuwaeleza kosa letu, ili lisije likawagharimu nanyi. Tuliona ukuta una ufa na chini yake una unyevu. Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, basi tukauziba. Walituusia tuzibe, lakini hawakutuambia tuzibe kwa kitu gani. Tulinunua saruji, tukamwita kijana mmoja fundi, tukaupiga ukuta plasta ya saruji ndani toka chini hata kimo cha mtu, tukapaka rangi ya mafuta ya kijani. Muda wa miezi mitano tulisifiwa na kila aliyeingia. Masika yaliyofuata, plasta ikaanza kulia kama ngoma tulipoigonga. Kisha ikabanduka vipande vikubwa kama sinia, na mgongoni mwa kila kipande pameshika udongo mwekundu wa ukuta wenyewe. Usiku mmoja kipande kimoja kilianguka miguuni pa kitanda cha mama yetu. Alikuwa macho, akisoma tasbihi yake. Hakuumia, Mungu ashukuriwe. Asubuhi tulipokiinua, kilikuwa kizito kwa watu wawili.

Hapo ndipo tulipokwenda kumwomba ushauri mzee mmoja wa mtaa wetu, mwashi aliyekwisha kustaafu, ambaye mikono yake imejenga nyumba nyingi za chokaa tangu ujana wake. Alikuja na bakora yake, akaugonga ukuta kwa kiungo cha kidole, akasikiliza. Akasema, "Mwanangu, hukuutibu ukuta huu. Umeuziba pua." Akatufahamisha kwamba ukuta wa udongo na matumbawe hunywa maji, na maji hayo hupenda kutoka tena polepole kwa kukauka. Chokaa huyapisha, saruji ni ngumu na imefumba, nayo huyafungia ndani. Maji yakikosa njia hukaa nyuma ya saruji, chumvi hujikusanya na kusukuma, udongo hulainika, na mwisho saruji huanguka pamoja na nyama ya ukuta. Tena ukuta wa miti na udongo hucheza kidogo katika jua na mvua; chokaa huufuata, saruji haiwezi kuufuata, hupasuka.

Kisha akatuuliza, "Maji haya yatoka wapi?" Tukamjibu kwamba yatoka ukutani. Akacheka, akatushika mkono, akatupeleka nje. Toka siku hiyo tulijifunza kwamba chumba kibovu hakianzi kutengenezwa ndani. Mpango aliotupa ndio tutakaowasomea sasa, hatua kwa hatua, kama tulivyouandika katika daftari.

Hatua ya kwanza ni paa. Hakuna faida ya kupaka ukuta ambao juu yake panavuja. Tulipanda, tukakuta mabati ya upande mmoja yameliwa na kutu, maana hewa ya bahari ina chumvi, na ya upande wa pili ni mazima ila matundu ya misumari yamepanuka. Hatukuyatupa yote. Mabati mazima tuliyashusha, tukayageuza, tukayatumia upande wa jikoni. Mapya tulinunua kumi tu. Hapa twawaonya jambo moja: katika vipimo vya mabati, namba kubwa ni bati jembamba. Bati la namba 30 ni jepesi kuliko la namba 28, na mwuzaji anayekuonyesha bei ndogo aghalabu hakuonyeshi namba. Vilevile tulifundishwa kwamba msumari wa bati hupigwa mgongoni mwa bati palipoinuka, si bondeni ambamo maji hupita, na kila msumari uwe na mpira wake chini ya kofia. Na mahali bati la juu linapolala juu ya la chini, lilale kwa sentimita 15 hivi au zaidi. Mambo haya hayaongezi gharama hata senti moja, lakini ndiyo yaletayo tofauti kati ya paa la miaka ishirini na paa la miaka mitatu.

Boriti na pau zilizooza tulizibadili kwa mbao za mnazi na vipande vya mbao vikuukuu. Zamani tungalikwenda kununua mikoko bila kufikiri. Lakini mikoko ni ukuta wa bahari na ni mazalio ya samaki, na ukataji wake umewekewa sheria. Hata mwaka 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Boriti nzima ya mkoko, basi, ni mali. Ikitoka katika nyumba iliyobomolewa, usiiache ikawa kuni.

Hatua ya pili ni maji ya chini. Mzee mwashi alituonyesha jambo tulilolipita kila siku bila kuliona. Kwa miaka mingi tulikuwa tukifagia ua na kusukuma takataka na mchanga hata ukutani, mpaka udongo wa nje ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Maji ya paa yalianguka papo hapo, yakatafuta njia, yakaingia chumbani. Basi tulichimba, tukauondoa udongo huo, tukafanya mfereji wenye mteremko wa kuyapeleka maji mbali, tukaujaza kokoto. Juu tukafunga mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa. Hesabu yake ni nyepesi: mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa letu la nyuma ni kama mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 20 hutupa lita 600. Maji yaliyokuwa yakibomoa ukuta wa mama sasa yanaingia katika pipa, nasi hufulia kwayo.

Hatua ya tatu ni miti na udongo. Tulibandua saruji yetu yote, kazi iliyotuuma moyo. Ndani tukakuta njia za mchwa, zile mirija za udongo zipandazo kutoka chini. Mchwa hupenda mti uliogusa ardhi na kulowa. Miimo ya mlango iliyokuwa imezikwa udongoni tuliikata chini palipooza, tukaikalisha juu ya jiwe. Mashimo ya ukuta tuliyakandika kwa udongo mwekundu ule ule, uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, ukalowekwa siku mbili na kukanyagwa kwa miguu. Kazi hii haikuhitaji fundi. Waliokanyaga walikuwa watoto wetu na wa jirani, nao waliifanya kwa furaha kuliko kazi yoyote tuliyowahi kuwapa.

Hatua ya nne ni chokaa. Tulitumia chokaa ya mifuko, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga. Mchanga uwe safi wa shimo au wa mto, usiwe wa pwani, kwa kuwa wa pwani una chumvi, na chumvi hiyo italiita tena lile unyevu tulilolifukuza. Ukuta hunyunyizwa maji kwanza. Chokaa hupakwa nyembamba, kama unene wa kidole kidogo, huachwa ikashika kwa siku kadhaa huku ikinyunyizwa maji asubuhi na jioni, kisha hupakwa mara ya pili. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa, nayo haina haraka. Mtu akitaka chumba kimalizike Jumamosi kwa sababu Jumapili ana wageni, heri aahirishe wageni. Tena tahadhari: chokaa huunguza macho na ngozi. Watoto wasiikaribie, na anayeichanganya avae kitu cha kukinga macho. Juu ya yote tulipaka maji ya chokaa mara tatu, tukiwa tumetia konzi ya chumvi kama walivyofanya wazee ili isitoke mikononi.

Mtaniuliza: mbona chumvi ya pwani twaikataa, na ya jikoni twaitia? Nasi tulimwuliza mwashi swali hilo hilo. Alijibu kwamba konzi moja katika ndoo ya kupakia juu si sawa na chumvi iliyojaa katika mwili wa ukuta, kama vile chumvi ya mchuzi si sawa na kunywa maji ya bahari.

Hatua ya tano ni sakafu. Ya zamani ilikuwa udongo ulioshindiliwa, yenye mashimo. Tulijaza vifusi vya matumbawe, vile vile vilivyotoka katika kazi, tukashindilia, tukatandaza karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, tukamwaga zege nyembamba: kipimo kimoja cha saruji, vitatu vya mchanga na sita vya kokoto. Juu tukapiga niru. Hapa ndipo mahali pa saruji. Sakafuni hutumika vyema, ukutani mwetu ilituhasiri.

Hatua ya sita ni hewa na mwanga. Chumba cha mama yetu kilikuwa na dirisha moja dogo, na moshi wa jikoni uliingia usipate pa kutokea. Tulipata dirisha kuukuu la mbao kwa mwuza vitu vya nyumba zilizobomolewa, tukalisugua, tukalitia ukutani upande wa pili, na juu ya mlango tukaacha tundu la hewa. Kikohozi cha mama yetu hakikwisha chote, naye ni mtu mzima. Lakini asubuhi hukohoa kidogo kuliko zamani, na husoma tasbihi yake dirishani badala ya kusoma gizani.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, mali bila daftari hupotea bila habari, na karani asiyesoma hesabu hajatoa hotuba. Fedha tulizokuwa nazo zilikuwa shilingi 60,000: akiba yetu 24,000, kaka yetu mkubwa aliye Nairobi alileta 20,000, na kodi ya chumba kimoja cha mbele, 2,000 kwa mwezi, tuliitenga miezi minane, ikawa 16,000. Matumizi yalikuwa hivi. Saruji na rangi za kosa letu la kwanza, 11,500. Paa, 19,200, yaani mabati kumi 12,500, mbao 3,500, misumari 1,200 na fundi 2,000. Mifereji, 4,300. Miti na udongo, 3,100. Chokaa na mchanga wake, 8,400. Sakafu, 9,700. Dirisha na mlango, 2,600. Jumla ni 58,800, na masalio ni 1,200. Bei hugeuka, nanyi msizishike kama sheria. Lakini litazameni lile fungu la kwanza: karibu sehemu moja katika tano ya fedha zetu zote ilikwenda katika haraka na kutotaka kuuliza. Mzee mwashi hakutudai hata senti; alikubali kahawa na tende, na alikuwa akiketi barazani umbali wa nyumba nne tangu siku ile tuliyonunua mfuko wa kwanza wa saruji.

Yako mambo matatu ya kujihadhari ambayo hatuna budi kuyataja. Kwanza, kama mjuavyo, katika Mombasa ziko nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi, hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Aliye katika hali hiyo asitie fedha katika kuta kabla hajaonana na mwenye ardhi, na wakapatana kwa maandishi mbele ya mashahidi, na risiti za kodi azihifadhi zote. Fedha nyingi zimezikwa katika ardhi ya watu kwa sababu ya maneno ya mdomoni. Pili, nyumba iliyo katika eneo la kale lililohifadhiwa, kama Mji wa Kale, haiguswi sura yake bila kibali; iko Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Tatu, mwenye paa la zamani la asbesto asilikate, asilitoboe wala asilisugue, kwa kuwa vumbi lake huleta maradhi mabaya ya mapafu baada ya miaka mingi. Aite watu wanaojua kuliondoa.

Hayo ndiyo ya vyumba. Sasa twaja katika lile lililotulemea.

Wakati tulipokuwa tukitafuta katika faili za Chama karatasi ya kuandikia hesabu hizo, tulikuta barua. Iliandikwa na mzee mmoja, memba wetu wa siku nyingi, ambaye hatutamtaja jina kwa heshima ya watu wake; wengi wenu mlimzika pamoja nasi. Katika barua hiyo, iliyoandikwa kwa mkono wa kutetemeka, aliomba Chama kimsaidie mabati manne na kilo moja ya misumari, akaahidi kuyalipa kidogo kidogo. Pembeni mwa barua tuliona mwandiko tunaoujua. Ulikuwa wetu. Tulikuwa tumeandika: "Hakuna fungu. Iwekwe." Nayo ikawekwa.

Katiba yetu ina fungu la mazishi, fungu la ugonjwa wa hospitali, na fungu la safari ya maiti kwenda kwao. Haina fungu la paa. Sisi tulifuata katiba, na hakuna mkaguzi atakayetulaumu. Mzee huyo aliaga dunia katika masika yale yale, chumbani mwake. Hatusemi kwamba mvua ndiyo iliyomwua. Alikuwa na umri mkubwa, na ajali ni ya Mungu. Lakini tulioingia kumtoa tuliona kitanda chake kimesogezwa katikati ya chumba, na tulijua sababu, kwa kuwa kitanda cha mama yetu pia kilikuwa kikisogezwa hivyo hivyo. Chama kilitumia shilingi 38,000 kumzika kwa heshima, nasi ndio tulioandika hundi. Mabati manne na misumari yake yangegharimu kama 5,300. Hiyo haifiki sehemu moja katika saba.

Hatukuleta habari hii ili tuwahuzunishe wazee wetu, wala ili tujisafishe. Tumeileta kwa sababu barua kama ile hazijakwisha. Katika nyumba zetu wamo wazee wengine wanaojua mahali pakavu ni wapi, na hawatasema. Mzee wa kwetu haombi mara mbili.

Kwa hiyo twaomba, kwa idhini ya Mwenyekiti, kuweka mezani shauri dogo. Kila memba hutoa shilingi 200 kwa mwezi. Tutenge shilingi 20 katika hizo, bila kumwongezea mtu mzigo wowote. Memba ni 85. Hiyo ni shilingi 1,700 kwa mwezi, na 20,400 kwa mwaka. Kwa bei tuliyonunulia sisi, hayo ni mabati 16, yaani paa za wazee wanne kama yule. Fungu hili litumike kwa paa na mifereji tu, si kwa rangi wala mapambo, maana paa likiwa zima mengine mtu aweza kuyasubiri. Liwe mkopo kwa mwenye uwezo wa kulipa polepole, na msaada kwa asiye nao. Kila mwezi wa Februari, kabla ya masika, wazee wawili na fundi mmoja wapitie nyumba za memba wenye umri mkubwa na za wajane; waende wenyewe, wasingoje barua. Na majina ya waliosaidiwa yasisomwe mkutanoni. Yabaki katika daftari la Mweka Hazina, ili mtu asivuliwe kanzu kwa kuezekewa nyumba.

Twajua itaulizwa: je, fungu la mazishi halitapungua? Litapungua kidogo, ni kweli, nasi kama karani hatutawaficha. Huenda mwaka mmoja tukapunguza gari moja katika msafara, au sufuria moja ya pilau. Shauri ni lenu. Lakini tukipimiwa, sisi tungependa tupate bati tukiwa hai kuliko gari la pili tukiwa tumekufa, na twadhani wengi walioketi hapa, wakisema kweli, watapenda vivyo hivyo.

Mama yetu alipoingia katika chumba chake siku ya kwanza, hakusema neno la shukrani ambalo twaweza kuwasomea. Alikiweka kitanda chake pembeni, upande wa dirisha, mahali ambapo kwa miaka mingi hapakuwekeka kitu. Akakaa. Kisha akatuuliza kama kile chumba cha pili tumekwisha kumpatia mpangaji, maana kodi yake ilikuwa ikipotea bure. Sasa kina mpangaji, naye hajatandaza beseni hata moja.

Zile shilingi 1,200 zilizosalia hatukuzitumia. Tumeziandika katika daftari kwa jina la "Misumari", nazo ndizo hutununulia msumari na mpira kila mwaka kabla ya mvua. Twaomba Chama nacho kiandike ukurasa kama huo.

Ile barua tunayo hapa, pamoja na mwandiko wetu pembeni. Tunaiweka mbele ya mkutano, ili kabla ya kufunga ipate jibu lake, ijapokuwa limechelewa.